Karatu mpaka Karatu kupitia Dar

Wadau, leo naomba tuiweke kando siasa na mpira. Niko Karatu kikazi, wiki ya tatu sasa, na katikati ya kufukuzia habari za Ngorongoro nimejikuta nachimba historia ambayo mhariri hakunituma. Ni historia ya njia. Barabara zitaingia humu maana huku barabara haikwepeki, lakini ninazozisema ni njia ambazo ujumbe wako unapita ukishabonyeza "tuma". Nani alizipanga, kwa hesabu gani, na kwa nini mpaka leo kuna ujumbe unaotoka Karatu kwenda Karatu kwa kuzungukia Dar es Salaam.

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuta mambo yameshakuwa mepesi. Mwaka 2000 hali ilikuwa hivi: ofisi moja pale Arusha mjini ni mteja wa kampuni ya intaneti A, ofisi ya ng'ambo ya barabara ni mteja wa kampuni B. Katibu muhtasi wa kwanza anamwandikia wa pili barua pepe. Barua inatoka, inapanda kwenye setilaiti, inashuka Ulaya au Marekani, huko inakabidhiwa kwa mtandao mwingine, inapanda tena angani, inashuka Arusha. Kuvuka barabara kwa miguu ilikuwa dakika moja.

Tupige hesabu kidogo. Setilaiti za aina ile hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786. Kupanda na kushuka mara moja ni zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu robo ya sekunde. Barua ya jirani kwa jirani ilihitaji kupanda na kushuka mara mbili, kwa hiyo nusu sekunde, na jibu likarudi kwa nusu nyingine. Hapo hujahesabu nyaya za huko ng'ambo wala foleni kwenye mitambo. Barua pepe haijali sekunde moja. Lakini ukurasa wa wavuti unauliza na kujibiwa mara nyingi kabla haujafunguka, na kila swali linalipa sekunde yake. Ndiyo maana watu walikuwa wanafungua ukurasa, wanakwenda kunywa chai, wanarudi.

Halafu kuna pesa. Uwezo wa setilaiti uliuzwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi kwa kila megabiti moja kwa sekunde, na salamu ya jirani ililipiwa pande zote mbili: A alilipa kuipandisha, B alilipa kuishusha. Fedha za kigeni zikatoka nchini ili Watanzania wawili wazungumze wakiwa wanaonana dirishani.

Usidhani mafundi wa wakati ule walikuwa wajinga. Kampuni ya kwanza ya intaneti hapa nchini, CyberTwiga, ilianza Dar es Salaam mwaka 1996, na zilizofuata zilijengwa kwa mtindo uleule: dishi lako, muuzaji wako mmoja huko nje, na wateja wako wanaopiga simu kwa modemu. Ukiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, huna haja ya ramani. Ruta, ile mashine inayoamua kila pakiti ielekee wapi, ilipewa amri ambayo kwa Kiswahili inasomeka hivi: kisicho changu, peleka juu. Mstari mmoja. Mafundi wanaiita njia ya difoti, na kwa miaka kadhaa ndiyo ilikuwa usanifu mzima wa mtandao wa kampuni nyingi za Afrika Mashariki.

Sasa tuje kwenye barabara, kwa sababu Karatu yenyewe ndiyo mwalimu mzuri wa jambo hili.

Mtu akitaka kutoka Karatu kwenda kanda ya Ziwa ana njia zaidi ya moja. Ya kwanza inapanda lango la Loduare, inafuata ukingo wa kreta, inashuka kuelekea Serengeti, na inatokea mkoa wa Mara. Mabasi ya Arusha–Musoma yamepita huko miaka mingi, na abiria anayekwenda zake msibani, asiye na habari na simba, analipa viingilio vya hifadhi kwa sababu amekatiza kwenye ardhi ya mwingine. Nyingine inashuka Mbulu, Haydom, daraja la Sibiti, mpaka Lalago na Maswa. Nyingine ndiyo ile ya kurudi kuizunguka Babati na Singida. Dereva anachaguaje? Kama gari ni lake, mafuta ni yake na maeneo yote ni yake, atatazama umbali na ubora wa barabara tu. Lakini ikiwa katikati kuna geti la mtu, umbali haumtoshi. Ataanza kuuliza: nani mwenye geti, tumekubaliana nini, na nikishaingia atanitoza kiasi gani?

Intaneti imejengwa juu ya tofauti hiyohiyo, na watu wengi, hata wanaofanya kazi kwenye kampuni hizi, hawaijui. Ndani ya mtandao wa kampuni moja, ruta zinatumia itifaki kama OSPF, ambayo kazi yake ni kutafuta njia fupi. Hesabu yake ilibuniwa na Mholanzi, Edsger Dijkstra, mwaka 1956. Alikuwa Amsterdam na mchumba wake wakifanya manunuzi, wakachoka, wakakaa kwenye mkahawa kunywa kahawa, na ndani ya dakika kama 20 akapata jibu la swali la namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili. Aliichapisha 1959. OSPF yenyewe ilikuja miaka 30 baadaye.

Kati ya kampuni na kampuni, hesabu ya Dijkstra haifai kitu. Hapo inatawala itifaki iitwayo BGP. Hiyo nayo ina hadithi yake. Januari 1989, kwenye mkutano wa wahandisi mjini Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliichora wakati wa chakula kwenye karatasi za kujifutia mikono. Mpaka leo trafiki yote ya dunia inayovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine inaongozwa na mtoto wa michoro ile. BGP haiulizi kwanza njia ipi ni fupi. Inauliza umeambiwa nini na nani, na wewe mwenye mtandao unampendelea nani. Ni itifaki ya mikataba. Fundi anapoiandika anaandika makubaliano ya mabosi wake kwa lugha ya mashine.

Na makubaliano yenyewe ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni tranziti: unamlipa mkubwa akufikishe popote duniani, kama abiria wa Musoma anavyolipa getini. Ya pili mafundi wanaiita piaringi, mimi napenda kuiita ujirani: wewe na mimi tunaunganisha mitandao yetu, wateja wangu wanawafikia wateja wako na wako wanawafikia wangu, na mara nyingi hakuna anayemtoza mwenzake. Ujirani una mipaka. Ukinifungulia mlango wa uani nikaazime chumvi, haina maana nipitishe msafara wa harusi wa mtaa wa tatu.

Sasa, kama ujirani ni bure na unaondoa ule mzunguko wa angani, kwa nini watu wa Arusha, Dar na Nairobi waliendelea kupeleka barua Ulaya? Jibu liko Nairobi, na hapa naomba tukae kidogo, maana kisa hiki kingekuwa filamu kama wahandisi wangekuwa na sura za filamu.

Ujirani wa wawili wawili ni ghali. Kampuni kumi zikitaka kuunganishwa kila moja na mwenzake zinahitaji viungo 45. Kwa hiyo dunia nzima inatumia njia ya soko: mnatafuta chumba kimoja, mnaweka swichi, kila mmoja analeta waya wake mmoja, mnakutana hapo. Johannesburg walikuwa nacho chumba cha namna hiyo tangu 1996. Wakenya, kupitia chama cha watoa huduma kiitwacho TESPOK, walifungua chao mwezi Novemba 2000 wakakiita KIXP. Jina refu, lakini vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida kabisa, ungeviweka juu ya meza ya ofisini.

Telkom Kenya wakaenda kulalamika kwa mdhibiti, CCK. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria imewapa wao peke yao haki ya kubeba trafiki ya kimataifa, na kituo hiki kinaingilia haki hiyo. Tafakari hoja hiyo taratibu. Kituo kilichojengwa ili trafiki isitoke nje ya nchi kilishitakiwa kwa kuvunja haki ya kutoa trafiki nje ya nchi. CCK wakakubaliana na mlalamikaji, wakatamka kwamba kituo hakina uhalali, na Desemba mwaka huohuo kikazimwa. Kilikuwa hakijamaliza hata miezi miwili.

Kwa maoni yangu Telkom hawakuwa vichaa. Walikuwa wanajua walichokuwa wanalinda. Kampuni za Kenya zilitakiwa kutokea nje kupitia mkonga wa Telkom ulioitwa Jambonet, kwa hiyo kila barua ya Nairobi kwenda Nairobi iliyozunguka ng'ambo ilikuwa ni shilingi mfukoni mwao. Njia ndefu ilikuwa biashara ya mtu. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya historia ya intaneti ya Afrika.

TESPOK, ambao kwenye mapambano yale sauti yao iliyosikika sana ilikuwa ya Brian Longwe, walikata rufaa kwenye baraza la rufaa za mawasiliano na kulipeleka jambo kwenye vyombo vya habari. Hoja yao ya kisheria ilikuwa kwamba hili ni kundi la watumiaji waliofungiana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo sheria iliruhusu, na kwamba waya wa ndani wa kufika kituoni bado wanaukodi kutoka Telkom hiyohiyo. Ilichukua karibu mwaka mzima. Novemba 2001 CCK ikakubali kutoa leseni, na Februari 2002 kituo kikawashwa tena. Safari ya ujumbe ya kwenda na kurudi kati ya kampuni za Nairobi, ambayo ilikuwa milisekunde 1,200 mpaka 2,000, ikashuka kuwa 60 mpaka 80. Mwaka 2004 Jambonet nayo ikajiunga. Mshitaki akaleta waya wake.

Kwetu hakukuwa na vita ya namna ile. TTCL ilikuwa na haki yake ya pekee kwenye simu mpaka Februari 2005, lakini kampuni za data zilikuwa na leseni zao. Chama cha watoa huduma, TISPA, kikaunda kituo cha Dar es Salaam kinachoitwa TIX, na kufikia 2004 kilikuwa kazini. Miaka michache baadaye Arusha ikapata chake, AIXP. Nadhani Arusha ilistahili kuwa ya pili. Mji ule ulikuwa umejaa mashirika, mahakama ya Rwanda, jumuiya, kampuni za utalii, na ulikuwa na watoa huduma wake wenyewe kama Arusha Node Marie, ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Habari Node. Miaka iliyofuata TCRA ikasimamia vituo vingine: Mwanza, Mbeya, Dodoma, Zanzibar.

Hapa ndipo ule mstari mmoja, "kisicho changu, peleka juu", ulipokufa. Kampuni ikishakuwa na milango miwili, mmoja wa tranziti na mmoja wa ujirani, ruta lazima ijue kipi kiende wapi. Kila kampuni ikahitaji namba yake ya utambulisho kwenye BGP na anuani zake yenyewe, na tangu Aprili 2005 hizo zinatolewa na AfriNIC iliyoko Mauritius. Zamani waombaji walizifuata Ulaya na Marekani. Ikahitaji pia watu wanaojua. Warsha za AfNOG, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 na kuzunguka bara zima (Dar zilifika 2011), zilikuwa chuo cha mambo haya. Mafundi kutoka nchi mbalimbali wanawekwa darasani, kila meza inajifanya kampuni ya intaneti, wanaunganishwa, wanaharibu, wanatengeneza.

Wanachofundishwa si kirefu kukieleza, ila ni kigumu kukishika. Ndani ya nyumba, OSPF ibebe anuani za ruta zako tu na viungo kati yao, basi. Njia za wateja na za dunia zibebwe na BGP ya ndani. Orodha ya njia za dunia leo ni kama milioni moja. Ukiimwaga kwenye OSPF ruta ndogo iliyoko juu ya mnara wa Rhotia itazimia. Kila ruta ya ndani iwe na mazungumzo ya BGP na kila mwenzake, na zikishakuwa nyingi mno chagua mbili ziwe wapasha habari kwa wengine. Kwa nje, penda njia ya mteja kuliko ya jirani, na ya jirani kuliko ya tranziti, kwa sababu ya kwanza inakuingizia pesa, ya pili ni bure, na ya tatu unalipa. Na amri kuu: mwambie jirani yako habari za wateja wako tu. Usimtangazie jirani njia za jirani mwingine, wala njia za mkubwa unayemlipa. Ukifanya hivyo umejigeuza barabara kuu ya mizigo ya watu bila kulipwa senti, na ruta zako zitalala chali.

Anayedhani haya ni mambo ya vitabuni akumbuke Februari 24, 2008. Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini mwake. Pakistan Telecom wakatangaza kwenye BGP yao kwamba kipande kimoja cha anuani za YouTube kiko kwao, ili trafiki ya wananchi iingie shimoni. Tangazo likavuja mpaka kwa mkubwa wao wa tranziti, PCCW wa Hong Kong, ambaye hakulichuja, akalieneza. Na kwa kuwa kwenye ruta tangazo la kipande kidogo hushinda la kipande kikubwa, sehemu kubwa ya dunia ikaanza kupeleka maombi ya YouTube Pakistan. Ilichukua kama saa mbili kurekebisha. BGP iliamini ilichoambiwa, kama ilivyochorwa kwenye karatasi za Austin, enzi ambazo watu wa mtandao walikuwa wachache na wanafahamiana.

Turudi nyumbani. Julai 23, 2009 SEACOM, mkonga wa kwanza wa baharini kutufikia pwani ya Afrika Mashariki, uliwashwa, na Rais Kikwete alikuwepo kwenye uzinduzi wa Dar. Mwaka uliofuata ukaja EASSy, na serikali ikawa inatandaza Mkongo wa Taifa kwenda mikoani. Setilaiti ikawa ya porini na ya dharura.

Watu wengi wanaisimulia hiyo kama mwisho mwema. Mimi naona ni pale mambo yalipogawanyika. Njia ya kwenda Ulaya iliposhuka bei, ile hasira ya mwaka 2000 ya kulipia salamu ya jirani ilipoa. Tovuti nyingi za Kitanzania, likiwemo gazeti linalonilipa mshahara, zinakaa kwenye seva za ng'ambo kwa sababu ni rahisi na zinatunzwa vizuri, kwa hiyo ukisoma habari ya Karatu ukiwa Karatu unaisoma kutoka nje. Kituo cha kukutania hakiwezi kusaidia trafiki ambayo haina wa kukutana naye hapa.

Wakenya walikwenda mbali zaidi. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Internet Society mwaka 2012 ulikuta KIXP inapitisha zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde na kuokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka, huku mamlaka yao ya kodi ikikitumia kupokea ritani za walipa kodi. Google walikuwa wameshaweka ghala la nakala za maudhui yao huko. Utafiti wa kufuatilia wa 2020 ulisema gigabiti ile moja imekuwa 19, na trafiki inayopatikana humohumo nchini imetoka kama asilimia 30 hadi 70.

Jumapili, Mei 12, 2024 sisi tulipata mtihani. SEACOM upande wa Bahari ya Shamu ilikuwa imeshakatika tangu Februari mwaka ule. Siku hiyo SEACOM na EASSy zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana; waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilitolea taarifa. Watu wa hoteli hapa Karatu wanaikumbuka wiki ile kwa sababu kitabu chao cha wageni kiko kwenye seva za nje. Mgeni yupo getini na mizigo, jina lake liko Ulaya.

Hilo lilikuwa la bahari. La nchi kavu ndilo lililonifanya niandike. Nilimwomba fundi mmoja wa mtandao, kijana wa Kiiraqw ambaye kazi yake ni kupanda minara ya kuanzia Mto wa Mbu mpaka ukingoni mwa kreta, anionyeshe njia kati ya nyumba mbili za wageni za hapa mjini zinazotumia kampuni mbili tofauti. Unaweza kurusha jiwe kutoka moja likagonga bati la nyingine. Akaandika amri, mistari ikaanza kushuka: Karatu, Arusha, Dar es Salaam, kituo cha kukutania, kampuni ya pili Dar, Arusha, Karatu.

"Mbona hawakutani Arusha?" nikauliza.

"Mwandishi, bosi wangu yuko Dar, bosi wao yuko Dar, mitambo mikubwa iko Dar. Unadhani watakuja kusalimiana Arusha?"

Kwa muda wa safari si tatizo kubwa. Karatu mpaka Dar ni kama kilomita 800, na kwenye nyuzi za fiba mwanga unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Dar na kurudi ni milisekunde nane hivi, na hata ukimsubiri jirani akujibu kwa mzunguko uleule hazizidi 16 kwa nadharia. Macho hayaoni. Anachokiogopa yeye ni kijiko cha mkandarasi wa barabara. Kijiko kikikata fiba mahali fulani kati ya Arusha na Dar, na njia ya akiba ikawa haipo au imejaa, nyumba mbili za Karatu hazionani. Wala si nyumba za wageni tu. Hospitali ya hapa mjini inayotaka kutuma picha ya X-ray kwa mwenzake Arusha, au zahanati ya upande wa Endulen inayomuuliza daktari wa Karatu, wote wanategemea kwamba hakuna mtu anayechimba mtaro njiani kuelekea baharini.

Upande wake wa ndani ameupanga vizuri, na alinichorea kwa fahari. Fiba ya kutoka Arusha kupitia Makuyuni ameipa uzito wa 10, kiungo cha redio kinachorukia Mto wa Mbu amekipa 100, kwa hiyo OSPF haikigusi cha redio mpaka fiba ife. Ikifa, ndani ya sekunde chache trafiki inahama yenyewe, labda mvua kubwa ndiyo impunguzie redio nguvu. Hapo Dijkstra anamtosha. Ila uzito haumsaidii kitu mpakani mwa kampuni yake, na mpaka huo ndio uko Dar.

Kuuhamisha, au tuseme kuongeza mwingine Arusha, si kazi kubwa ya ufundi. Ruta zote mbili tayari zipo Arusha. Unaanzisha mazungumzo ya BGP ya pili, kila mmoja anatangaza wateja wake wa kaskazini, mnaweka vichujio msije mkawa Pakistan, na mnazipa njia za Arusha upendeleo kuliko zilezile zikija kupitia Dar. Kwa wateja wa simu za mkononi haitasaidia, maana hao hupewa anuani zao kwenye mtambo wa katikati uliopo Dar, lakini kwa hospitali, shule, ofisi za halmashauri na hoteli zilizovutiwa waya inatosha. Fundi anasema alishaandika pendekezo, kurasa mbili, na wenzao wa kampuni ya pili wanalitaka pia. Mabosi wa pande zote wamelisoma.

Nilipomuuliza limekwama wapi, alicheka kwanza. Kampuni hizo mbili zina makabati yao ya mitambo kwenye chumba kimoja pale Arusha, na hazijakubaliana nani alipie waya wa kuyaunganisha. Alitandaza mikono kunionyesha urefu wake, akahesabu hatua kutoka mlangoni kwa kidole, akasema ni mita nane, labda tisa ukiupitisha juu ya dari.